Maji Juu ya Jiwe

Mimi si mtu wa milima. Nimezaliwa Manibe katikati ya muhogo, nimezeekea sokoni Arua nikiuza vitenge, na mahali pa juu zaidi nilipowahi kwenda kwa miguu yangu ni Arua Hill, kwenye ofisi za serikali, tena nikilalamika njia nzima. Kwa hiyo watu waliposikia nimepanda Mlima Liru, ule unaoitazama Koboko kutoka juu, walidhani nimerogwa. Sikurogwa. Nilikwenda kumpima mwanaume.

Tulizeni mioyo, hakuwa wangu. Alikuwa wa binti yangu.

Binti yangu wa mwisho anafundisha shule ya msingi Koboko. Siku moja alikuja nyumbani, akaosha vyombo bila kuambiwa, akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa, nikajua kuna jambo. Akasema kuna mtu, na wazee wa huyo mtu wanataka kuleta posa Manibe Jumapili ya wiki inayofuata. Baba yake alishatangulia mbele ya haki. Shemeji zangu wakaniambia kwamba wao watakaa kwenye viti na kukohoa, lakini neno litakuwa langu. Nikisema ndiyo, wageni watakula. Nikisema hapana, watapewa maji ya kunywa na kusindikizwa barabarani. Tangu siku hiyo binti yangu akawa ananipigia simu kila jioni, anauliza habari za kuku, habari za mvua, habari za mguu wangu, na lile analotaka kuuliza haulizi. Sauti yake ilikuwa imekonda.

Nami ndiyo sikuwa nayo mdomoni. Kijana mwenyewe sikuwa nimemwona, lakini kazi yake iliniudhi. Analima Lurujo, sawa, nani halimi? Ila mwisho wa wiki anapandisha wageni mlimani. Anapanda nao, anawaonyesha upepo, anashuka nao. Nikamwuliza binti yangu, akishuka anashuka na nini? Kuni? Asali? Akasema anashuka na watu wale wale aliopanda nao, wazima. Nikasonya, nikabadilisha mazungumzo.

Lakini mimi ni mfanyabiashara. Kitenge sinunui kwa karatasi iliyobandikwa pembeni. Nakifungua juani, nakivuta kwa mikono miwili, nakilowesha ncha na kukisugua kwenye kitambaa cheupe nione kama rangi itakimbia. Wakongo wa mpakani wananijua kwa hilo, wakiniona nakuja wanaguna. Nikajiambia, kama nafanya hivyo kwa nguo ya kuvaa miaka miwili, nitampokea vipi mtu wa kukaa na mwanangu maisha bila kumvuta kidogo?

Mpango niliutengeneza na jirani yangu wa sokoni, muuza samaki wakavu, mama wa Kiislamu wa kutoka Koboko kwenyewe, mtoto wa askari kama mimi. Huyo haogopi mtu. Yeye ndiye aliyempigia kijana simu kwa jina lake mwenyewe, akasema wako mama wawili wa Arua, daktari amewaambia wapunguze mwili, wanataka kupanda Liru Jumamosi. Mimi nitakuwa mteja tu. Nitamwona akiwa kazini, hana habari, hajavaa tabia ya Jumapili. Binti yangu hakuambiwa kitu.

Tulilala Koboko kwa dada wa jirani, asubuhi tukavaa. Mimi nilivaa trakisuti ya mwanangu wa kiume, kofia mpaka kwenye nyusi, na kitenge kizito nikakifunga kiunoni, maana mwili wa mama una adabu yake. Tulipofika chini ya mlima jirani akanitazama toka juu mpaka chini, akasema nafanana na kocha wa timu iliyoshushwa daraja. Nikacheka. Kicheko changu, niwaambieni, kinajulikana soko zima. Kinaanza kwa mluzi halafu kinaanguka kama sufuria sakafuni. Kijana mmoja aliyekuwa ameinama anafunga kamba za buti akainua kichwa ghafla. Halafu akakiinamisha tena. Hilo sikulijali wakati ule.

Huyo ndiye alikuwa mwongozaji wetu. Mrefu, mweusi wa kung'aa, buti za jeshi zilizochoka, fimbo mkononi. Pamoja nasi walikuwapo mume na mke kutoka Kampala, wenye kamera. Kijana akawapa mkono wote wawili, akawauliza habari za safari. Akampa mkono jirani yangu, wakasalimiana mpaka wakafika kwa wajomba. Kisha ikawa zamu yangu. Nikanyoosha mkono. Yeye akachuchumaa, akatazama majani, akanong'ona kitu ambacho majani yalikisikia vizuri kuliko mimi, akainuka na kwenda zake mbele.

Mkono wangu ulibaki hewani. Nikaupeleka kwenye kofia, nikajifanya naitengeneza.

Tukaanza kupanda. Kwanza unapita mashamba, muhogo na simsim, njia ya kawaida, unaweza hata kusengenya. Baadaye majani marefu, halafu mawe, na mlima unasimama mbele yako bila aibu. Wale wa Kampala aliwaeleza kila kitu. Aliwaonyesha mti ambao mizizi yake inachemshwa kwa tumbo, na njia ya zamani ya wawindaji, akawaambia maneno ya wazee juu ya babu wa kale aliyemalizia siku zake huko juu. Alieleza vizuri, taratibu, na mimi nilikuwa nataka kusikia. Kila nikisogea karibu, anasogea mbele. Nikiwa kulia, uso wake uko kushoto. Nikakiona kisogo cha yule kijana siku ile zaidi ya nilivyowahi kuona visogo vya wanangu wote.

Nilipoanza kuhema, akasimama. Nikasema moyoni, angalau ana macho. Lakini hakuzungumza na mimi. Alimwambia jirani yangu, "Mwambie mama apumuzike hapa. Jiwe hii iko na kivuli." Nami nimesimama pale pale, hata mate yake yangenifikia! Jirani akanigeukia kwa uso mtakatifu, akasema, mwongozaji anasema upumzike. Nikamjibu kwamba nimesikia, masikio yangu hayajazeeka. Akaanza kukohoa ndani ya mtandio wake, kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na makohozi.

Kijana akatoa maji kwenye mfuko. Chupa ya mke wa Kampala, mkononi. Ya mume, mkononi. Ya jirani yangu, mkononi, tena akamfungulia kizibo. Yangu aliiweka juu ya jiwe, kama hatua tatu kutoka nilipokaa, akarudi nyuma, akageuka kutazama upande wa Kongo.

Jamani. Nina miaka mingi ya kuuza, nimehudumia wanajeshi, walevi, mabibi harusi waliobadili mawazo, na sijawahi kumwekea mteja bidhaa chini kama anayetupia mbwa mfupa. Niliapa sitayanywa maji yale. Nikayatazama. Jua likapanda. Kiu haina ujasiri. Nikainuka nikayachukua, nikanywa yote, nikiwa nimenuna.

Kutoka hapo sikuuona mlima tena. Nilikuwa natunga hotuba. Nilishaipanga jinsi nitakavyoisema Manibe mbele ya shemeji zangu: kwamba mtu huyu anajua kuheshimu wenye kamera, lakini mama mtu mzima aliyevaa trakisuti ya kuazima hana thamani kwake. Kwamba nguo nimeivuta na rangi imekimbia. Niliona hata watakavyotikisa vichwa. Kisha nikauona uso wa binti yangu jikoni, akisikiliza nyuma ya mlango, na hapo hotuba ikanikwama. Nilitaka kuwa na hasira tu, bila huo uso. Ukakataa kuondoka.

Tulipofika kwenye bapa la mawe, tukala ndizi na karanga. Kijana alichukua ndizi yake, akazunguka nyuma ya jabali kubwa, akala huko peke yake. Nikamsogelea jirani, nikamwambia kwamba hata uchoyo anao, mtu mzima anayekula kwa kujificha atamlishaje mwanangu? Jirani akamenya karanga nyingine. Akasema, "Jirani, wewe leo umelala mlango wazi." Nikamwuliza maana yake. Akasema asiyejua maana haambiwi maana, akaendelea kutafuna karanga. Nikamnunia na yeye.

Sasa, karibu na kilele kuna mwamba. Si mrefu sana, lakini umesimama, na mahali pa kuweka mguu ni padogo, na chini yake kuna mteremko ambao ukiutazama unakumbuka dhambi zako. Kijana akapanda kwanza, akalala kifudifudi juu, akateremsha mkono. Mke wa Kampala akapanda kwa kuvutwa. Mume wake akafuata, kamera ikigonga gonga. Jirani yangu, na mwili wake ule, akashikwa kifundo cha mkono, akapandishwa huku anamtaja Mwenyezi Mungu kila hatua.

Nikabaki mimi. Nikaweka mguu wa kwanza, nikaweka wa pili, nikainua mkono wangu juu. Kijana akauvuta wake nyuma. Aliuvuta haraka, akauficha mgongoni, akageuza uso.

Pale hasira yangu yote ililipuka.

"Wewe kijana," nikasema, "mukono yangu iko na nini? Ya mama wa samaki umeshika. Ya mimi, wa vitenge, unaogopa?"

Kijana alikuwa ameketi ukingoni mwa mwamba, amenipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Akamwambia jirani yangu, polepole, akichagua maneno:

"Mwambie mama, mimi hapana kataa mukono yake. Mimi naogopa kuharibu Jumapili."

Nilikuwa nimening'inia kwenye jiwe na vidole vinauma, na ndipo nilipoelewa. Yote, kwa mpigo mmoja.

Kwetu, mkwe mwanaume hamshiki mama mkwe mkono. Hamkazii macho usoni. Hampi kitu mkono kwa mkono, anakiweka chini na kujitenga. Hali chakula mbele yake, na jambo akiwa nalo anamtuma mtu amfikishie. Hii sikusoma popote, nimeiishi. Mama yangu mzazi alikuja siku moja Manibe bila taarifa, akaingia mlangoni bila kubisha, na marehemu mume wangu, mtu mzima, koplo mstaafu, alitoka kwa dirisha la jikoni na sahani yake ya enyasa mkononi, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, akaenda kumalizia nyuma ya banda la mbuzi. Mama alifurahi mwaka mzima. Alisimulia kwenye kila msiba kwamba mkwe wake ana adabu mpaka anaruka madirisha.

Na mimi, mwana wa mama huyo, nimechukua asubuhi nzima kuhesabu heshima kama matusi. Kwa sababu ya trakisuti! Nilijifanya mteja, nikataka kuhudumiwa kama mteja, na yule kijana tangu chini ya mlima alikuwa na mama mkwe. Hajapewa mke, hajaambiwa ndiyo, hata kiti cha kwetu hajakikalia, na ameshaanza kunibeba.

Nilicheka. Kucheka ukiwa umening'inia mwambani sikushauri mtu. Kicheko kilitoka na mluzi wake, kikaanguka upande wa pili wa mlima, na jirani yangu juu akaanza na yeye, akasema tangu kule kwenye salamu alijua, mbavu zilikuwa zinamuua. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningemharibia siku.

Mguu wangu ukateleza kidogo. Kicheko kikakatika. Kijana aliruka akasimama, akanyoosha mkono, kisha akausimamisha katikati. Alikuwa tayari kuniokoa na kupoteza Jumapili yake, mnaelewa? Alikuwa anangoja nianguke kidogo zaidi ndipo avunje mwiko. Nikamwambia jirani, kwa sauti ya juu asikie mwenyewe:

"Mwambie asubiri. Nguo iko."

Nikajibana kwenye mwamba kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili nikafungua kitenge kiunoni. Ni waksi nzito ya Kongo, niliichagua mwenyewe, niliivuta mwenyewe juani. Nikakisokota, nikatupa ncha juu. Akaidaka. Akajizungushia mkononi, akageuka akanipa mgongo, akaipitisha begani, akaegemea mbele kama ng'ombe wa plau. Nami nikazungusha ncha yangu kwenye kifundo. Akaanza kuvuta, taratibu, na huku anaongea na jirani kwa utulivu kabisa: mwambie mama kuna shimo dogo usawa wa goti la kushoto, mwambie aweke kidole cha mguu pale, mwambie asitazame chini, chini hakuna mutu anamujua. Jirani hakurudia hata neno moja, hakukuwa na haja. Nilikuwa natii kila kitu. Kitenge kikajinyoosha, kikalia kidogo kwenye pindo, kikashika. Nikatokea juu kwa tumbo, kofia imeanguka, matope mpaka kidevuni, na nikalala pale nikihema na kutazama mawingu.

Nilifurahi. Acha niseme wazi, nilifurahi mpaka machozi, na nikawadanganya wale wa Kampala kwamba ni jasho.

Kutoka hapo hadi kileleni nilitembea kama mwenye mlima. Kule juu kuna upepo mwingi, na Koboko yote iko chini, mabati yanameta, barabara nyekundu inakwenda Sudani Kusini, lori moja linatambaa na vumbi lake. Upande wa magharibi, Kongo, kijani mpaka macho yanachoka. Nikatafuta shule ya binti yangu, sikuipata, nikachagua paa moja nikaamua ndiyo yenyewe. Jirani akamwuliza kijana alinijuaje. Akiwa anatazama Sudani alisema kwamba Mwalimu anacheka hivyo hivyo, na vicheko vya namna hiyo haviwezi kuwa viwili katika nchi moja bila kuwa ukoo. Mwalimu, ndivyo anavyomwita binti yangu. Nikamwomba jirani amwulize kama amempigia simu kumwambia niko hapa. Akasema hapana, mama akiwa amekuja kwa siri yake, siri iko ya mama.

Nikafungua kikapu changu, ambacho jirani alikuwa amenibebea begani. Nilikuwa nimekuja na kuku mzima wa kukaanga kutoka kwa dada wa jirani, maana sipandi mlima kwa imani peke yake. Wageni nikawagawia mapaja na mabawa. Jirani kidari, kama kawaida yake. Kijana alikuwa ameshaanza kuondoka kuelekea nyuma ya jabali na kipande chake cha muhogo.

Nikatia mkono chini ya kikapu, nikatoa firigisi.

Mnajua firigisi ni ya nani. Kwetu hata mtoto wa miaka minne anajua ni ya mwanaume wa nyumba. Hakuna mwanamke anayempa mpita njia. Tangu marehemu mume wangu afariki, firigisi ya kila kuku niliyempika niliiweka pembeni kwa mazoea, halafu nikawapa wajukuu wagombanie. Jirani aliponiona nimeishika aliacha kutafuna.

Nikachuma jani pana, nikaweka firigisi juu yake, nikatembea mpaka kwenye jiwe lililokuwa kati yangu na jabali. Nikaweka jani juu ya jiwe. Nikarudi hatua tatu. Nikageuka, nikawapa mgongo jiwe na kijana, uso wangu ukatazama Koboko.

Nikasema, kwa sauti, nikiuambia mji:

"Jumapili mukuje mapema. Njia ya Manibe iko na matope."

Kisha nikasikia zile buti zikija polepole juu ya changarawe, zikasimama kwenye jiwe. Zikakaa hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuchukua kitu kidogo hivyo. Jirani yangu alipiga kigelegele kimoja, kifupi, halafu akajifunika mdomo na mtandio.

Halafu ikaja sauti, kwa mara ya kwanza siku nzima bila kupitia kwa mtu, nami nikajua amegeukia upande wake wa Sudani kama mimi nilivyogeukia wangu.

"Tutafika na asubuhi, mama," akasema. "Lakini sasa tushuke. Mvua iko nakuja, na mimi lazima nirudishe wewe muzima."